Miaka ya Kuishi na Miaka ya Nguvu

Katika pwani yetu, tangu Kilifi mpaka Malindi na ng'ambo ya mto Sabaki, mzee akiulizwa umri wake aghalabu hajibu kwa hesabu. Hujibu kwa habari. Mmoja atakwambia kwamba alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni siku ndege za Waitalia zilipoudondoshea mji wa Malindi mabomu. Mwingine atasema kwamba aliolewa mwaka wa mafuriko, na mwingine kwamba kifungua mimba wake alikuwa akitambaa bendera ya Uhuru ilipopandishwa. Majibu haya si ya ujinga, wala si ya kukwepa swali. Muulizaji ajuaye kwamba mabomu yaliangushwa mwaka 1940, kwamba mafuriko makubwa yalikuwa mwaka 1961, na kwamba Uhuru ulipatikana Desemba 1963, aweza kuupata umri wa mzee huyo kwa kukosea mwaka mmoja au miwili tu. Shida huja pale mzee asipokuwa na tukio la kushika. Hapo umri hukisiwa, na kisio la binadamu hupenda namba ziishiazo kwa sifuri au kwa tano. Kwa hiyo wataalamu wa takwimu wanapozitazama hesabu za sensa huona watu wa miaka 60 wamejaa tele, na wale wa miaka 61 ni haba, kana kwamba akina mama wa zamani walikubaliana kuzaa kwa zamu.

Yamkini msomaji kijana atauliza, pana dhara gani mtu asipoujua mwaka wake wa kuzaliwa, maadamu yu hai na anakula? Dhara ipo. Mwaka 2018 serikali ya Kenya, kwa mpango uitwao Inua Jamii, iliwafungulia mlango wazee waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni, kila mmoja apate shilingi 2,000 kwa mwezi, pasipo kwanza kupimwa umaskini wake. Jirani yetu mmoja, ambaye wadogo zake wawili waliandikwa katika mpango huo, yeye alikosa, kwa sababu kitambulisho chake kilimtaja kuwa amezaliwa baada yao. Karani wa ofisi moja alikuwa amemkisia hivyo zamani, alipokuwa bado na meno yote na nywele nyeusi. Mzee alicheka aliposomewa mwaka huo, akasema kwamba basi awaamkie wadogo zake kwa heshima tangu siku ile. Kisha akanyamaza, akashika mkongojo wake, akaenda zake.

Nayasema haya kwanza kwa kuwa nataka kuzungumza juu ya elimu ambayo msingi wake ni swali hilo hilo la umri: elimu ya kubashiri watu wataishi miaka mingapi, na katika miaka hiyo mingapi itakuwa ya nguvu na mingapi ya udhaifu. Ubashiri huu hauhitaji kioo wala mbao za ramli. Unahitaji daftari lililoandikwa kwa uaminifu, na mtu mwenye saburi ya kujumlisha.

Elimu hii ina umri wa zaidi ya miaka 350. Mwaka 1662 mfanyabiashara mmoja wa London, John Graunt, alizikusanya orodha za vifo zilizokuwa zikitolewa mjini mwake kila wiki, akaona jambo ambalo wengine walilitazama bila ya kuliona: kwamba kifo, kijapokuwa hakina miadi na mtu mmoja, kina kawaida kwa watu wengi. Mwaka 1693 Edmond Halley alitwaa kumbukumbu za mji wa Breslau, ambao leo uko Polandi na huitwa Wrocław, akatengeneza jedwali lionyeshalo, katika watu waliozaliwa, wangapi hubaki hai katika kila umri. Huyu Halley ndiye yule yule mnajimu aliyebashiri kurudi kwa nyota yenye mkia iitwayo kwa jina lake. Alikufa mwaka 1742. Nyota ikaonekana tena mwaka 1758, kama alivyosema. Lakini tazama tofauti iliyopo kati ya bashiri zake mbili. Nyota haisikii. Hata watu wote wa dunia wangalipenda isirudi, ingalirudi. Walakini watu wakiambiwa kwamba miaka kumi ijayo wengi wao watakuwa vipofu, waweza kufanya jambo, na ubashiri ukawa uongo. Naam, ubashiri wa namna hii hutolewa kwa tamaa ya kwamba utakanushwa.

Kutokana na majedwali hayo hupatikana ile namba isomwayo sana magazetini, yaani wastani wa miaka ambayo mtoto azaliwaye leo atarajiwa kuishi. Kwa hesabu iliyotokana na sensa ya Kenya ya mwaka 2019, mwanamume alitarajiwa miaka 60.6 na mwanamke 66.5. Nimewasikia watu wazima, wenye vyeti vyao, wakidhani maana yake ni kwamba mwanamume afikapo miaka 60 na miezi kadhaa ajitayarishe kuaga. Sivyo hata kidogo. Wastani huo umewajumlisha watoto waliokufa wakiwa wachanga, na vijana waliokufa barabarani au kwa maradhi. Mtoto mmoja akifa mwaka wa kwanza na mzee mmoja akifa na miaka 80, wastani wao ni miaka 40 na kitu, na hali hakuna hata mmoja wao aliyekufa akiwa na arobaini. Mtu aliyekwisha kuvuka hatari za utoto na ujana akafika 60, mbele yake bado kuna miaka mingi. Jambo la kuuliza ni miaka hiyo ina nini ndani yake.

Wayunani wa kale walikuwa na hadithi ya kijana aitwaye Tithonus, ambaye aliombewa kwa miungu asife milele. Ombi likakubaliwa. Lakini mwombaji alisahau kuomba ujana pamoja na uhai, na Tithonus akazeeka, akapooza, sauti ikamwishia, wala kifo hakikuja. Hadithi hiyo inatosha kueleza kwa nini wataalamu hawaridhiki na namba moja. Kwa muda mrefu walipima urefu wa maisha peke yake, kama fundi apimaye urefu wa nguo asitazame kama imetoboka. Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, Daniel Sullivan, alieleza njia nyepesi ya kuzipima zote mbili kwa pamoja, na njia yake inatumika hata leo. Mwanafunzi ajuaye kujumlisha na kugawanya aweza kuifuata.

Tuseme kuna kijiji, nami nakibuni kwa ajili ya mfano tu, ambamo watu 100 wamefika umri wa miaka 60. Katika miaka kumi ya kwanza, kwa kuwa baadhi watakufa njiani, wote pamoja wataishi jumla ya miaka 800. Tangu 70 hata 80 wataishi jumla ya miaka 500, na baada ya 80 jumla ya miaka 200. Jumla kuu ni miaka 1,500. Ukiigawanya kwa watu 100, kila mmoja anatarajiwa kuishi miaka 15 zaidi. Sasa tunakwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani hawezi kuona, kutembea au kujihudumia bila msaada. Tunakuta kwamba miongoni mwa wenye miaka 60 na kitu ni mmoja katika kumi; wenye 70 na kitu ni watatu katika kumi; waliopita 80 ni watano katika kumi. Basi miaka ya udhaifu ni 80, na 150, na 100, jumla 330. Kwa kila mtu, katika ile miaka 15, miaka 3.3 ni ya kushikwa mkono, na 11.7 ni ya kujiendea mwenyewe.

Tuendelee mbele kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Tuseme maisha yamekuwa marefu, na wale waliopita 80 sasa wanaishi jumla ya miaka 400 badala ya 200. Kila mtu ameongezewa miaka 2. Lakini udhaifu ukibaki katika kipimo kile kile, miaka ya kushikwa mkono inapanda kutoka 3.3 hata 4.3. Katika miaka miwili ya nyongeza, mmoja mzima ni wa udhaifu. Sasa tuseme katika kijiji hicho amekuja daktari wa macho na muuguzi wa kupima shinikizo la damu, na kwa kazi yao udhaifu umepungua: wenye 70 na kitu ni wawili katika kumi, na waliopita 80 ni wanne. Fanya hesabu mwenyewe, utaona miaka ya udhaifu ni 3.4, na ya nguvu ni 13.6. Maisha ni yale yale kwa urefu, miaka 17, lakini hayafanani.

Wenye elimu wamegombana sana juu ya jambo hili. Mwaka 1977 Ernest Gruenberg alionya kwamba tiba imefaulu kuahirisha kifo pasipo kuponya maradhi, na kwamba ushindi huo utatuletea wagonjwa wengi zaidi. Mwaka 1980 James Fries akasema kinyume chake, kwamba watu wakiishi vema udhaifu utasukumwa mpaka ukingoni mwa maisha, ukawa wa muda mfupi tu. Mimi naona kwamba kila mmoja alieleza nchi ambayo yaweza kujengwa, na kwamba ni juu ya watu kuchagua wajenge ipi.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa mmoja wa wale watoto waliobebwa mgongoni mwaka wa mabomu. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Sabaki, nyuma ya Mambrui, mahali pa mihindi, mihogo na mikorosho. Alipokaribia miaka 75 alianza kupapasa. Kwanza alisema kwamba moshi wa jikoni umezidi. Kisha kwamba taa za siku hizi hazina mwanga. Mwisho hakusema kitu, akawa anakaa barazani mchana kutwa, naye alikuwa mwanamke ambaye jembe lake lilijulikana. Alinitambua kwa sauti. "Mume wangu," aliniita, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "umekuja kunitazama mimi au kutazama kama kuna ugali?" Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyempeleka chooni, ndiye aliyemchotea maji, na siku nyingi ndiye ambaye kiti chake shuleni kilikuwa kitupu. Sisi wavulana hatukukosa shule hata siku moja. Naliandika hili ili msomaji ajue kwamba ulemavu wa mzee mmoja una watu wawili ndani yake, na yule wa pili mara nyingi ni msichana.

Macho ya bibi yalikuwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Huu ni ukungu unaoingia katika lenzi ya jicho, na ndio unaowapofusha watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote duniani. Ni upofu wa kuondolewa: daktari huitoa lenzi iliyoingia ukungu, akaweka nyingine ya kutengenezwa, na upasuaji wenyewe mara nyingi hauchukui hata saa moja. Bibi alikaa karibu miaka mitatu gizani kabla hatujajua hayo. Alipofanyiwa, jicho moja kwanza na jingine baada ya miezi, alirudi nyumbani akatazama paa, akasema makuti yameoza na hakuna aliyemwambia. Mdogo wangu akarudi shuleni. Bibi aliishi miaka tisa zaidi. Ukiyatazama maisha yake kwa jedwali la Halley, upasuaji ule pengine haukumwongezea hata siku moja. Ukiyatazama kwa hesabu ya Sullivan, umempa miaka tisa.

Sasa, ili kubashiri udhaifu wa watu wengi, yapasa kwanza kujua udhaifu ni nini, na neno hili si jepesi kama linavyosikika. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilisema kwamba watu wenye ulemavu walikuwa 3.5 katika kila 100. Ile ya mwaka 2019 ikasema 2.2. Je, katika miaka kumi Wakenya waliponywa kwa maelfu? La. Swali lilibadilika. Mara ya pili, watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi waliulizwa kama wanapata taabu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia kama vile kuoga na kuvaa, au kuelewana na wengine. Na aliyehesabiwa kuwa na ulemavu ni yule aliyejibu kwamba anapata taabu kubwa au hawezi kabisa. Swali hili ni bora kuliko la kumwuliza mtu "Je, wewe ni mlemavu?", kwa kuwa wazee wengi hukataa jina hilo. Bibi yangu, katika mwaka wake wa pili wa giza, angalimfukuza barazani mtu ambaye angalimwita kipofu. Lakini angaliulizwa kama anapata taabu kuona, angalieleza kwa nusu saa.

Kilifi ina bahati katika mambo haya, nami nilipofundisha karibu na mji huo nilijionea kazi yenyewe. Tangu mwaka 1989 watafiti wa taasisi ya KEMRI, pamoja na wenzao wa Wellcome Trust ya Uingereza, wana kituo pale, na shabaha yao kubwa ilikuwa maradhi ya watoto, hasa malaria. Mwaka 2000 walianza kuwaandika watu wote wa eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya Kilifi, watu zaidi ya robo milioni. Makarani hupita nyumba kwa nyumba, tena na tena ndani ya mwaka, wakabisha hodi na kuuliza: nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehamia, nani amehama? Tangu mwaka 2008 walianza pia, pale panapotokea kifo, kurudi baada ya matanga na kuwauliza jamaa kwa upole dalili alizokuwa nazo marehemu, ili sababu ya kifo ipate kujulikana hata kama hakufa mikononi mwa daktari.

Kazi hii ilianza kwa ajili ya watoto, lakini watoto wakipona ndipo wazee wanapopatikana. Hili vijana hulisahau. Mzee ni mtoto ambaye surua na malaria vilimkosa. Sensa ya mwaka 2009 iliwakuta Wakenya wenye miaka 60 na zaidi wapatao milioni 1.9, ya mwaka 2019 iliwakuta milioni 2.7. Dunia nzima, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wa umri huo, waliokuwa bilioni 1 mwaka 2020, watakuwa bilioni 2.1 mwaka 2050, na wengi wao hawatakuwa Ulaya wala Japani bali katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Nchi tajiri zimekwisha kuupitia mlango huo, na hesabu zao zatufaa. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walitoa katika jarida la Lancet Public Health ubashiri wa England na Wales. Walisema kwamba watu wenye miaka 65 na zaidi wanaoishi na ulemavu, ambao mwaka 2015 walikuwa milioni 2.25, wangefika milioni 2.81 mwaka 2025, ongezeko la robo nzima. Jambo la kutazamwa ni sababu waliyoitoa: si kwamba kila mzee angekuwa dhaifu kuliko wazee wa zamani, bali kwamba wazee wenyewe wangekuwa wengi zaidi na wangeishi zaidi. Tena walikadiria kwamba kama robo ya maisha baada ya miaka 65 ingekuwa ya ulemavu.

Walakini msomaji asidhani kwamba kila bashiri hutimia. Aliyekaa Nairobi katika miaka ya mwanzo ya 1980 na kuchora mstari wa umri wa Wakenya angauchora ukipanda, kwa kuwa ulikuwa umepanda tangu Uhuru. Mwaka 1984 mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa katika nchi hii. Katika miaka ya 1990 mstari uliteremka, miaka kadhaa ya maisha ikapotea, na wazee waliodhani wamemaliza kulea wakaanza upya kulea wajukuu mayatima. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoenea katika miaka ya 2000 mstari ukapanda tena. Hakuna jedwali lililoliona jambo hilo likija. Ndiyo sababu mbashiri mwaminifu hatoi namba moja. Hutoa namba ya chini na ya juu, kisha hueleza alichokidhania.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo lilinifanya nishike kalamu. Kwa miaka mingi, katika sehemu za Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Magazeti yameandika habari hizo tena na tena. Viongozi na watetezi wa haki wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma pana ugomvi wa mashamba, vijana wakitaka ardhi ambayo mzee bado yu hai juu yake. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, chama cha utamaduni cha Malindi kijulikanacho kwa jina la MADCA kimewapa hifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Mtu mwenye miaka 70 au 80, ambaye jedwali lasema bado ana miaka ya kuishi, anakaa katika kijumba cha ugenini akihofia kurudi kwenye minazi aliyoipanda.

Sasa zitazame dalili zinazomfanya mzee ashukiwe. Macho yamekuwa mekundu, au yameingia ukungu. Anasema peke yake. Anatembea usiku. Hakumbuki majina, naye jana alikuwa akiyakumbuka. Ameishi sana, na watoto wa jirani wamekufa. Msomaji atatambua kwamba orodha hii karibu ni ile ile ya makarani wa sensa: kuona, kukumbuka, kuelewana na wengine. Kijijini kwetu palikuwa na bibi mmoja aliyepatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Kila alfajiri alijitwisha ndoo akaenda kisimani, na kisima hicho kilifukiwa zamani. Mahali pake mtu alikuwa amejenga nyumba. Mwenye nyumba aliamka akamkuta uani mwake, katika giza, akizunguka na kunong'ona. Mara ya kwanza alimrudisha kwao. Mara ya tatu watu walianza kuzungumza. Wanawe walikuwa na busara. Wakampeleka Mombasa kwa binti yake usiku ule ule, wala hakurudi tena. Mwingine angalikuwa na wana wasio na busara.

Maradhi hayo ya kumbukumbu huongezeka sana kadiri umri unavyopanda, na wanaopita miaka 80 watakuwa wengi pwani hii kuliko walivyokuwa wakati wowote. Hiyo ni hesabu, si hofu. Maana yake ni kwamba, mambo yakibaki kama yalivyo, wazee watakaoonekana usiku katika nyua za watu wataongezeka mwaka hata mwaka, na kila mmoja wao atakutana na mtu ambaye ama ameambiwa ugonjwa huo ni nini, ama hakuambiwa.

Nilipoyaeleza haya darasani, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alisimama akauliza, "Mwalimu, hiyo takwimu na ramli zina tofauti gani? Zote zasema nani atakufa." Darasa likacheka, lakini swali lilikuwa zuri kuliko somo langu. Nikamjibu kwamba mpiga ramli huulizwa kwa nini mtoto huyu amekufa, naye hutoa jina la mtu. Takwimu huulizwa watoto wangapi watakufa na kwa sababu gani, nayo hutoa jina la ugonjwa. Mpiga ramli hakubali kwamba amekosea. Mwenye takwimu huandika kosa lake pambizoni na kuanza upya. Na jina la mtu likishatajwa, jembe na panga havikai mbali.

Kijana yule alikaa kitako, akafikiri. Kisha akainua mkono tena, akauliza kama hesabu ile ya kijiji cha wazee 100 yaweza kufanywa kwa kijiji chao, kwa kuwa babu yake ana taabu ya kusikia na watu wanadhani ana kiburi. Nikamwambia aanze na babu yake. Amwulize kwanza alikuwa na umri gani mwaka wa mafuriko.